Ukivalisha tairi, panga maandishi na valvu
Nimerudi Dodoma baada ya kuzunguka Zambia peke yangu kwa baiskeli, na kilichoniokoa zaidi si vifaa vya bei. Unapovalisha tairi, hakikisha jina lililoandikwa ubavuni linakaa sawa kabisa na valvu, pale pa kujazia upepo. Ukipata pancha, jaza tyubu, tafuta tundu, kisha ilaze juu ya tairi valvu ikiwa kwenye jina: mwiba utakuwa usawa wa tundu. Pima pande zote mbili, maana tyubu ikishatoka ni rahisi kuigeuza bila kujua. Huku kwetu kwenye migunga, njia za vumbi za Bahi au Chamwino, ncha ya mwiba hukatikia ndani ya mpira usiione kwa macho; ukiziba bila kuitoa, hufiki mbali unashuka tena. Papasa kwa kitambaa, si kidole (nimechomwa vya kutosha). Mbinu hii haisaidii tundu likiwa upande wa ringi. Hapo kagua spoki. Na ukikuta matundu mawili yamekaa sambamba, uligonga shimo la barabarani tairi likiwa na upepo mdogo. Usihangaike kutafuta mwiba.