Jinsi ya kuzima historia ya klipubodi kwenye Windows, hasa kompyuta ya steshenari au inayotumiwa na watu wengi

Juzi nilikuwa namwekea sawa kompyuta dada mmoja mwenye steshenari. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, ikafunguka orodha ndefu ya vitu vya wateja: namba za NIDA, paswedi ya kijana aliyekuja kuomba mkopo wa HESLB, kontroo namba, mpaka picha ya cheti cha kuzaliwa. Mteja yeyote aliyekaa kwenye kile kiti angeviona vyote kwa vidole viwili, na dada wa watu hakuwa hata anajua hicho kitu kipo. Ndiyo maana naandika hii, kwa sababu naamini kompyuta za hivyo mtaani ni nyingi sana.

Kwa kifupi, hiyo inaitwa historia ya klipubodi, ilikuja na Windows 10 toleo la 1809 mwaka 2018, na Windows 11 ipo pia. Inatunza mpaka vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, maandishi na picha, kila kimoja kisizidi MB 4. Ukiristati kompyuta vinafutika, isipokuwa vile vilivyopiniwa. Sasa niambie steshenari gani inaristati mashine kila mteja akinyanyuka? Inawashwa asubuhi, inazimwa usiku, na katikati hapo watu wanakopi tu.

Windows ikiwa mpya hiki kitu kinakuja kikiwa kimezimwa. Lakini mtu akibonyeza Windows na V anakuta kitufe cha kuwasha kimemkalia mbele, akikigusa mara moja basi, kimewaka kwa kila anayekuja baada yake kwenye akaunti hiyo.

Hatua ya 1: Futa kilichopo

Bonyeza Windows na V. Angalia vyenye alama ya pini, hivyo ndivyo vinavyosumbua, maana ukibonyeza "Clear all" vyenyewe vinabaki vimekaa pale pale, na hata ukiristati unavikuta. Toa pini kwanza kwenye kila kimoja, halafu ndiyo "Clear all".

Hatua ya 2: Zima

Settings, System, Clipboard. Zima "Clipboard history", zima na ile ya chini yake ya kushea na vifaa vingine. Hiyo ya pili usiipuuze, kwa sababu kama mwenye duka ameingia na akaunti yake ya Microsoft na ameiwasha, alichokopi mteja kinaweza kusafiri mpaka kwenye laptopu ya nyumbani.

Kama kompyuta ni yako peke yako chumbani kwako, hapo umeshamaliza, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: Ifunge isiwashwe tena (kwa kompyuta za watu wengi)

Hapa ndipo panapokula muda wa watu. Unazima leo, kesho unakuta imewaka, kwa sababu ya kile kitufe nilichosema hapo juu. Dawa ni kuweka sera ya mashine nzima ili kitufe chenyewe kisifanye kazi. Wenye Windows Pro wanaweza kupitia gpedit (programu ya Windows ya kuweka sera), ila steshenari nyingi nilizoingia zina Home na huko gpedit haipo, kwa hiyo mimi natumia komandi kila mahali, Home na Pro, nisihangaike na njia mbili.

Kwenye sehemu ya kutafuta andika cmd, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator". Hiyo ni lazima, ukifungua kawaida utaambiwa "Access is denied" na utadhani komandi ndiyo mbovu. Halafu weka hizi mbili, moja moja:

reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\System /v AllowClipboardHistory /t REG_DWORD /d 0 /f

reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\System /v AllowCrossDeviceClipboard /t REG_DWORD /d 0 /f

Ya kwanza inafunga historia, ya pili inafunga kushea. Baada ya hapo ristati.

Makusudi sijaweka alama za kunukuu kwenye hiyo njia. Haina nafasi ndani yake, kwa hiyo hazihitajiki, na watu wakitumiana komandi kwa WhatsApp zile alama mara nyingi zinageuka kuwa za kupinda, cmd haizielewi, unabaki unasoma kosa ambalo halikuambii lolote la maana.

Kama unapenda kuingia regedit (programu ya Windows ya kubadilisha hizo setingi za ndani) kwa mkono (mimi sikushauri, ni rahisi kupotea), angalia vitu vitatu. Kwanza njia, kuna ufunguo mwingine unaofanana sana, ule wa Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, huo siyo! Unaotakiwa unaanza na SOFTWARE\Policies. Pili, iwe chini ya HKLM (HKEY_LOCAL_MACHINE, ya mashine nzima), siyo HKCU (HKEY_CURRENT_USER, ya mtumiaji mmoja). Tatu, chagua DWORD ya 32-bit hata kama mashine yako ni ya 64-bit, watu wengi wanachagua QWORD wakidhani ndiyo inayoendana na mashine, halafu hakuna kinachobadilika na wanaanza kulaumu Windows.

Ukirudi Settings utakuta swichi imefifia na ujumbe kwamba setingi hii inasimamiwa na taasisi yako. Mwambie mwenye duka mapema, maana akiuona ghafla atajua kadukuliwa. Ni wewe uliyeweka, iko sawa.

Ila ujue kwamba mteja akitumia akaunti yenye haki za admini anaweza kuifungua tena. Wateja watengenezee akaunti ya kawaida, ya admini abaki nayo mwenye duka na paswedi yake. Bila hivyo kazi yote ya hatua hii ni nusu.

Hatua ya 4: Word ina ya kwake

Office ina klipubodi yake tofauti, inabeba vitu 24, na inafutika ukifunga programu zote za Office. Steshenari Word haifungwi kutwa nzima, unaelewa shida iko wapi. Fungua Word, Home, bonyeza kale kamshale kadogo kwenye kona ya Clipboard, kisha "Clear All". Chini kuna "Options", ondoa tiki kwenye "Show Office Clipboard Automatically" na "Collect Without Showing Office Clipboard". Funga hicho kidirisha.

Hatua ya 5: Kitu cha mwisho kilichokopiwa

Hata historia ikiwa imefungwa, kitu kimoja cha mwisho bado kipo, mteja anayefuata akibonyeza Ctrl na V kinatoka. Kwa hiyo weka shotikati kwenye deskitopu: bonyeza kulia, New, Shortcut, andika:

cmd /c echo off | clip

Iite "Futa". Mhudumu aibonyeze mara mbili kila mteja akiondoka. Programu za kusafisha kompyuta za kudownload sizitaki kabisa kwa kazi hii, unaleta mgeni mwingine wa kusoma hizo hizo data wakati mstari mmoja unatosha.

Angalia pia kama kuna mtu aliweka Ditto au CopyQ, programu za pembeni za kutunza vilivyokopiwa. Sera ya hatua ya 3 haizigusi kabisa, na Ditto inaandika kila kitu kwenye faili la database, ukiristati unavikuta vyote. Kwenye mashine ya biashara iondoe, na hilo faili lifute. Na kwenye Windows 11 pitia folda ya Pictures, ndani yake Screenshots, kwa sababu Snipping Tool inasevu picha yenyewe bila kuuliza, na hapo ndipo vitambulisho vya watu vinapolala miezi.

Ukitaka kurudisha ilivyokuwa, komandi ni ile ile ila badala ya add weka delete, ishie kwenye jina na /f:

reg delete HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\System /v AllowClipboardHistory /f

Fanya hivyo hivyo kwa ile ya pili, kisha ristati.