Kutoka Kigoma kwenda kuwahudumia wanafunzi wa vyuo vikuu Bujumbura

Mkristo wa Kigoma aliyesikia wito wa kuwahudumia wanafunzi wa vyuo vikuu nje ya nchi hana haja ya kuanza kwa kuwaza Ulaya, kwa maana Bujumbura iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na lugha ya wanafunzi wake, Kirundi, mtu wa kabila la Waha huifahamu kwa sehemu kubwa kabla hata hajafundishwa. Maelezo haya yanamhusu mtu anayetarajia kukaa huko mwaka mmoja au miwili.

Anzia kanisani kwako. Mweleze mchungaji na wazee wa kanisa nia yako, ukubali wakupime, kisha uombe barua ya utambulisho inayotaja muda wa huduma na mtu utakayewajibika kwake. Baada ya hapo wasiliana na wenyeji. Burundi ina umoja wa makundi ya Biblia ya wanafunzi, UGBB, ambao kama TAFES, umoja wa wanafunzi Wakristo wa kwetu Tanzania, umo katika IFES, ushirika wa kimataifa wa wanafunzi wa kiinjili ulioundwa 1947. TAFES wanaweza kukutambulisha kwao. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kishawishi cha kuanzisha kikundi chako ni kikubwa. Wenyeji walikuwapo kabla yako, na ndio watakaobaki ukishaondoka.

Andaa pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, lakini usidhani kwamba urahisi wa kuvuka mpaka ni sawa na kibali cha kuishi na kuhudumu. Ulizia mapema masharti ya kibali hicho, tena uwashirikishe wenyeji wako. Ukipita mpaka wa Manyovu utashuka hadi Nyanza-Lac, kisha ufuate ufuo wa Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge. Ukivuka, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na uwakumbushe waombezi wako wa Kigoma tofauti hiyo mtakapopanga kuomba pamoja kwa simu.

Kuhusu fedha, wapate watu wachache walioahidi kiasi maalumu kila mwezi, badala ya kutegemea harambee moja ya kukuaga, kwa kuwa sadaka ya siku ya kuaga huisha mapema. Weka akiba ya nauli ya kurudi, na utume hesabu kila mwezi hata kama hakuna aliyeiomba.

Lugha inahitaji uangalifu kuliko unavyotarajia. Kiha na Kirundi ni ndugu, na neno Imana, jina la Mungu, ni lilelile pande zote mbili. Kwa hiyo mgeni kutoka Buha hujiona amefika nyumbani, huacha kujifunza, na baada ya miezi sita bado anahubiri kwa Kiha huku wasikilizaji wakimvumilia kwa adabu. Tafuta mwanafunzi msome naye Biblia ya Kirundi kwa sauti nusu saa kila siku, naye akusahihishe matamshi bila kukuonea haya. Jifunze pia Kifaransa, maana ndicho wanachofundishiwa darasani, na bila hicho hutaelewa mzigo wa masomo wanaokueleza.

Kiini cha kazi ni kundi dogo la kujifunza Biblia, la watu sita hadi wanane. Injili ya Marko inafaa kuanzia, kwa sababu sura zake 16 zinatosha muhula mmoja mkisoma sura moja kwa juma. Usihutubu. Andaa maswali ya aina tatu: kifungu kinasema nini, kinamaanisha nini, na kinatutaka tufanye nini, kisha unyamaze mpaka mtu ajibu. Ukimya huo humchosha kiongozi mgeni, lakini ndani yake ndimo mwanafunzi aliyezoea kunakili mihadhara huanza kufikiri mwenyewe. Kuanzia juma la nne, mwanafunzi mmoja aongoze, nawe uketi miongoni mwa wasikilizaji. Wakati wa mitihani punguzeni vikao.

Kamwe usimwulize mtu kabila lake. Mauaji ya kikabila ya mwaka 1972 na 1993 yaliacha makaburi katika familia nyingi, na mwaka 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya chuo kikuu chenyewe. Wengine wana ndugu waliokimbilia Nyarugusu, kambi iliyo mkoani kwetu, na huenda wakakumbuka mambo ambayo si yote yanayotupa sifa. Wakianza kusimulia, sikiliza. Usiharakishe kuhimiza msamaha, wala usiseme lolote kuhusu vyama vya siasa.

Mwanafunzi akikuomba ada au chakula, usimpe kwa siri. Mpeleke kwa viongozi wa ushirika, mchange pamoja, ili urafiki wenu usigeuke utegemezi.

Mtafute atakayepokea kazi mapema, akiwa bado na angalau mwaka mmoja chuoni. Mkabidhi daftari la mahudhurio, maswali ya masomo na ratiba miezi mitatu kabla hujaondoka, aendeshe kila kitu nawe ukiwapo. Ukisharudi Kigoma, mpigie simu kumsalimu na kumwombea, lakini maamuzi ya ushirika mwachie yeye na wenzake.