Kampeni ya ng'ombe wa gari Pemba: hesabu kwanza, maneno baadaye

Kampeni nyingi za kutetea wanyama huanza na bango na humalizika kwa kusema watu "wameelimika". Elimu hiyo ng'ombe haimfikii shingoni. Anza na tendo moja unaloweza kuliona kwa macho ukiwa kando ya barabara. "Kuwahurumia wanyama" hakuhesabiki, lakini gunia lililokunjwa chini ya nira linahesabika, nasi tutalitumia kama mfano. Mti mtupu ukisugua shingo yenye jasho siku nzima huchubua ngozi, na gunia kuukuu halikosekani nyumbani. Liwe kavu na safi, maana likiingia mchanga au likilowa, nalo hukwaruza.

Pita kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar), umweleze unachofanya. Kisha zungumza na watu kama kumi: wenye ng'ombe, vijana wanaoendesha, na wanaokodi magari ya ng'ombe. Ukiuliza "Je, unamtunza ng'ombe wako?" utajibiwa naam, kwa adabu tu. Uliza mambo ya jana: ulipiga tripu ngapi, ng'ombe alikunywa maji wapi, nira alifunga nani? Kikwazo huwa kinajificha humo. Ikiwa kijana anayeendesha si mwenye ng'ombe na analipwa kwa tripu, kumhubiria yeye peke yake hakutoshi. Mwenye mali naye lazima afikiwe.

Sasa hesabu. Andika maana ya kila kitu kabla ya kwenda barabarani. Kwa mfano, "kidonda" ni mahali ngozi imetoka, papana kuliko sarafu ya shilingi 200. Wawili wenu mtazame ng'ombe 20 wale wale, kila mmoja aandike peke yake bila kuchungulia. Mkitofautiana kwa zaidi ya wawili, maana mliyoiandika haijakaa sawa, irekebisheni. Msiandike majina wala kupiga picha za nyuso. Ikisemwa kuwa mnatafuta watu wa kutozwa faini, magari yatabadili njia na hesabu yenu itakuwa bure.

Watu wengi huteleza kwenye hatua hii: wanahesabu kabla na baada, wakiona nafuu wanajisifu. Lakini msimu wa karafuu ukiisha mizigo hupungua, na mvua za masika zikianza njia huharibika. Shingo za ng'ombe hubadilika hata kama hakuna aliyesema neno. Kwa hiyo orodhesha shehia zinazofanana, piga kura ya bahati nasibu, nusu zipate ujumbe sasa na nusu zisubiri. Zote zihesabiwe siku zile zile. Kura ipigwe kwa shehia nzima, si kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu wenye magari hukutana barazani na maneno husambaa.

Idadi nayo ina hukumu yake: magari yakiwa machache, tofauti inaweza kuwa bahati tu. Ikiwa 30% wanatia gunia na unatumaini kufika 60%, unahitaji takriban magari 42 kila upande. Ukitumaini 45% tu, unahitaji takriban 160. Na kwa kuwa kura ni ya shehia, ongeza zaidi ya hapo. Kwa magari 15 usitangaze ushindi wala kushindwa.

Katika kuandika ujumbe, usilalamike kwamba "wengi wanawatesa ng'ombe". Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu vibao katika hifadhi ya Petrified Forest, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Kibao kilichosema wageni wengi wamechukua kilifuatiwa na wizi wa karibu 8% ya vipande vilivyowekwa alama. Kile kilichowaomba tu wasichukue, chini ya 2%. Ukitangaza kwamba ubaya umeenea, msikilizaji anasikia kwamba ndiyo ada.

Kama hesabu yako inaonyesha wengi wanatia gunia, liseme hilo. Kama ni wachache lakini wanaongezeka, sema wanaongezeka. Watafiti wa saikolojia Gregg Sparkman na Gregory Walton walichapisha mwaka 2017 jaribio la mkahawani Marekani: walioambiwa kwamba watu wanaanza kupunguza nyama waliagiza chakula kisicho na nyama kwa 34%, dhidi ya 17% ya walioambiwa tu kwamba wapo wanaopunguza. Hata hivyo, mkahawa ule si Wete wala Konde. Chukua wazo, ulijaribu hapa. Na usitie chumvi, kwani wenye magari wanajuana na uongo utagundulika siku hiyo hiyo.

Msemaji awe mwenye gari anayeheshimika, aonyeshe kwa mikono yake namna gunia linavyokunjwa mara tatu na kufungwa pande mbili lisihame.

Hesabu tena baada ya wiki mbili, kisha baada ya miezi mitatu. Nambari ikipanda halafu ikashuka, kagua magunia kabla ya kulaumu watu: huenda yamechakaa, na kinachohitajika ni mengine, si hotuba nyingine. Isipopanda kabisa, zile shehia zilizokuwa zikisubiri zipewe ujumbe tofauti, na matokeo yaandikwe vilevile ili wenzenu wa Unguja wasirudie njia hiyo.