Sikio la mtoto likiuma, mwangalie na taya

Kwanza, usimimine kitu sikioni. Si mafuta ya vuguvugu, si maji ya kitunguu saumu, si maziwa ya mama. Usaha ukitoka, sokota kitambaa safi cha pamba, kiache kilowane, kitoe, weka kingine. Kadi ya kliniki itoe uone kama chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zote zimejazwa. Homa ipime kwa kipimajoto, kiganja kinadanganya.

Dawa sasa. Ukiandikiwa amoksilini ya siku 5 ni siku 5, hata kama siku ya 2 mtoto anaruka kamba.

Wangu alikuwa na miaka 4. Sikio la kulia, usiku wa kwanza hatukulala, wa tatu kimya. Chupa nikaiacha nusu mlangoni mwa friji, eti itafaa siku nyingine. Baada ya wiki hivi akakataa ugali. Nikasema deko. Akakataa na chapati, akataka uji tu, tena kwa mrija. "Fungua mdomo nione jino." Kijiko cha chai hakikupita, na kidevu kimekwenda upande. Shangazi yake akasema matumbwitumbwi, jirani akasema pepopunda, duka la dawa wakanipa ya maumivu ya meno. Siku tatu zikapotea hivyo.

Hospitalini daktari aliweka kidole mbele ya sikio, pale panapocheza ukitafuna. Mtoto alipiga ukelele wodi nzima ikageuka. Kumbe kiungo cha taya na tundu la sikio ni majirani wa ukuta mmoja, mfupa mwembamba tu, na kwa watoto wadogo ukuta huo unaweza kuwa bado na kitundu ambacho kwa kawaida huziba wakikua. Usaha ulikuwa umeingia kiungoni. "Ni nadra sana, mama, ila hutokea." Wakaunyonya kwa sindano, akatundikiwa dripu za antibayotiki. Kikiachwa, kiungo kinaweza kuganda na taya lisikue sawasawa. Kama chanzo ni ile nusu chupa, daktari hakuniapia, lakini mimi nalala na hilo.

Nyumbani tulibaki na zoezi la vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi, unavipanga vikilaliana katikati ya meno. Tulianza na 5. Siku vijiti 18 vilipopita nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Kwa hiyo sikio likishapona, kila asubuhi mwambie apige miayo umtazame. Shingo ikipinda na haigeuki baada ya kuugua sikio au koo, usimnyooshe wala usimpeleke kukandwa: pingili za juu zinaweza kuwa zimehama, na kukanda kunaweza kuumiza uti wa mgongo. Anachechemea na ana homa? Huenda ni usaha kwenye kiungo cha nyonga, hospitali leo hii. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, usingoje kuche. Usaha ukifika siku 14, hilo sikio limeshakuwa sugu, mrudishe akaangaliwe upya. Daktari mweleze habari za sikio hata kama umeletwa na goti, maana hataotea. Nauli ya usiku iwe pembeni, bima ikae na kadi ya kliniki, simu isilale bila chaji, na zile chupa za nusunusu kwenye friji, ukimaliza kusoma hapa nenda ukazitoe.