Namna ya kumlinda mbwa wako baharini: mwongozo kwa wafugaji wa Bagamoyo

Kazi yangu ni kufundisha mbwa wa kufugwa hapa Bagamoyo, na kila mfugaji ninayempokea namweleza kwanza kwamba usalama wa mbwa majini huamuliwa kabla hajalowa. Mbwa wengi huweza kuogelea, lakini hawajui wakati wa kurudi, na jukumu hilo ni la mwenye mbwa.

Hatua ya kwanza: soma maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na mbwa hufukuza ndege hadi kwenye mafungu ya mchanga yaliyo mbali na ufuko. Yanaporudi, maji hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma ya mafungu hayo, hivyo mbwa huzungukwa huku pale aliposimama pakiwa bado pakavu. Nenda naye maji yakiwa yanapwa, na anza kurudi mara yanapogeuka. Usipokuwa na hakika ya saa, muulize mvuvi yeyote unayemkuta ufukweni. Ukitaka aogelee, chagua siku za maji mafu, wakati mikondo imepungua nguvu.

Hatua ya pili: mvalishe jaketi la kujiokolea lenye mshikio mgongoni, hasa akiwa mzee, ana miguu mifupi au pua bapa. Mbwa wa pua bapa hulazimika kuinua kichwa sana ili apumue, kiwiliwili chake kikazama, na huchoka haraka.

Hatua ya tatu: mzoeshe polepole kwa kamba ndefu, maji yakimfika kifuani tu, na umfundishe kuitikia wito kabla ya kumfungulia. Usimtupe majini kamwe. Kamba hiyo ina faida nyingine ninayoithamini: mbwa aliyelowa hatawagusa watu waendao msikitini, na ujirani hubaki mwema.

Hatua ya nne: kagua ufuko. Mahali nyavu zinapotengenezwa huwa pana ndoana na vipande vya nyuzi, lakini hatari ninayoihofia zaidi ni samaki aitwaye bunju aliyetupwa mchangani, kwa kuwa sumu yake hulegeza misuli hadi ile ya kupumua, na kumpika au kumkausha hakuiondoi. Mbwa akimla, usingoje dalili. Mkimbize kwa daktari wa mifugo. Beba pia maji baridi ya kunywa, kwani mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, akatapika na kuharisha, na akiyanywa kwa wingi chumvi huweza kumuua.

Upande wa mdomo wa Mto Ruvu usimpeleke kabisa, kwa sababu kuna mamba na viboko.

Hatua ya tano: mkirudi nyumbani, msuuze kwa maji yasiyo na chumvi na umkaushe masikio. Funika visima na mapipa ya uani, maana mtoto wa mbwa huzama hata hapo. Muulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa panya kwenye madimbwi.

Akizama, mtoe, mwinamishe kichwa kwa muda mfupi ili maji yatoke, kisha mlaze ubavu na usafishe kinywa. Asipopumua, mfunge mdomo kwa mkono na umpulizie puani hadi kifua kiinuke. Moyo ukiwa umesimama, kandamiza kifua mara 30 kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, umpulizie mara 2, na urudie huku mwenzako akitafuta usafiri. Hata akizinduka na kutembea, afike kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kushindwa kufanya kazi saa kadhaa baadaye.