Somo: Namna ya Kukipa Jina Kisukuku cha Mmea Ambao Ukoo Wake Haujulikani

Wanakikundi wa Lindi na Mtwara, sifa ya Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi, imejengwa juu ya mifupa ya dainosari iliyochimbwa kuanzia 1909 hadi 1913, ilhali mimea ya enzi ya dainosari hao haitajwi sana. Katika kazi hii nina msimamo mmoja: jina hupewa kipande ulichokishika mkononi, si mti unaoudhania.

Hatua ya kwanza ni kibali, kwa kuwa visukuku vinalindwa na sheria ya mambo ya kale. Ukishakipata, andika mahali na tabaka la mwamba kabla ya kukiondoa kipande.

Hatua ya pili ni kuamua umepata kiungo gani. Mmea husambaratika kabla ya kufukiwa, ndiyo maana gome la Lepidodendron, mizizi ya Stigmaria na koni za Lepidostrobus vina majina matatu ingawa vilitoka katika miti ya kundi moja. Huo si uzembe wa wataalamu. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinaruhusu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Mti uliogeuka jiwe hukatwa pande tatu: kwa kukingama shina, kwa kufuata mstari utokao kiini hadi gome, na kwa kuambaa na gome, kisha kila kipande husuguliwa hadi kipitishe mwanga chini ya hadubini. Ukitazama kisiki cha mkorosho kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu vya mishipa ya maji, lakini miti ya jamii ya misonobari haina vitundu hivyo, bali ina seli nyembamba zilizojipanga safu kwa safu, na tofauti kati ya aina na aina hutafutwa katika vishimo vya kuta za seli hizo. Vishimo vikiwa vimeharibika, ishia kwenye kundi kubwa, hata kama rafiki zako wanasubiri jina tamu.

Hatua ya nne ni kupima uhakika wako. Alama «cf.» husema kielelezo kinafanana na spishi fulani bila kuthibitishwa, «aff.» husema kinaikaribia lakini si yenyewe. Ukoo usipojulikana, andika «incertae sedis».

Ikiwa ni spishi mpya, chapisha maelezo ya sifa zake kwa Kilatini au Kiingereza pamoja na picha, teua kielelezo cha msingi, yaani kipande kimoja kitakachobeba jina hilo, na utaje taasisi inayokihifadhi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali: Je, jina linaweza kuwa halali bila familia?
Jibu: Ndiyo. Spishi lazima iwe na jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana), lakini jenasi inaweza kukaa bila familia (kundi la jenasi zinazokaribiana) kwa miaka mingi.

Swali: Kisukuku kiitwacho Cupressinoxylon ni mti wa kale wa jamii ya saipresi?
Jibu: Si lazima. Jina hilo linaeleza mti ambao seli zake zinafanana na za jamii hiyo, basi.

Swali: Nikikuta majani na shina katika tabaka moja, niyaunganishe?
Jibu: Hapana, ujirani si undugu. Majani ya Archaeopteris yalidhaniwa ni ya kangaga, na shina la Callixylon likawekwa karibu na misonobari, mpaka Charles Beck alipoonyesha mwaka 1960 kielelezo ambamo viwili hivyo vimeshikana. Tafuta mshikano wa namna hiyo. Usipoupata, acha majina mawili.