Lambo la kuzuia mafuriko: kazi yote iko kwenye bomba

Lambo la mifugo hutakiwa lijae. La kuzuia mafuriko hutakiwa liwe tupu mvua inapoanza, lipokee maji ya ghafla na kuyatoa taratibu kwa bomba linalopita chini ya tuta. Wengi wanaoniuliza huku Muheza huchanganya hayo mawili. Jenga kati ya Juni na Septemba, masika yakishapita na vuli haijafika.

1. Kibali. Muheza na Korogwe ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani; Bagamoyo ni Wami/Ruvu. Kimo cha tuta na kipenyo cha bomba apige hesabu mhandisi, hasa kama chini kuna nyumba.

2. Msingi. Ondoa majani, mizizi na udongo mweusi wote. Katikati chimba mtaro hadi udongo mgumu, uujaze mfinyanzi ulioshindiliwa.

3. Bomba. Hapa usiwe na haraka. Malambo mengi hayabomoki kwa maji kupita juu tu; maji hutambaa kando ya bomba, yakibeba udongo kidogo kidogo mpaka tuta linabaki na tundu.

Bomba lilaze kwenye ardhi ngumu ya asili, kamwe si juu ya kifusi, maana kifusi kikititia maungio yanaachia. Fundi bomba atataka kutandika mchanga chini, kama alivyozoea mtaani. Mkatalie: mchanga huo ni njia ya maji. Tandika zege, lipande hadi nusu ya ubavu, kwa sababu chini ya tumbo la bomba hakuna kishindilio kinachofika. Juu yake weka mfinyanzi wa tabaka za sentimita 10, ukishindilia kwa mkono. Finyanga udongo kiganjani: ushikane bila kunata. Ukimeguka, nyunyiza maji, ukinata, uanike.

Mchanga una mahali pamoja tu: theluthi ya mwisho, upande maji yanakotokea. Hapo zungushia bomba mchanga safi, ili maji yakipenya yatoke bila udongo. Wapo wanaotegemea kola za zege pekee, yaani vikuta vinavyozungushiwa bomba kuzuia maji yasitambae kando yake. Mimi siziamini.

Mdomoni weka wavu wa nondo, matawi yasizibe. Koki usiweke kabisa! Ikiwepo, kiangazi atatokea mtu wa kuifunga anyweshe ng'ombe wake, na mvua italikuta lambo limejaa.

4. Tuta. Tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe. Upande wa maji, kila mita 1 ya kimo ipate mita 3 za ulalo. Ongeza kimo kidogo, litatitia. Panda ukoka; mnazi au mwembe usiote hapo.

5. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi. Uchimbe pembeni, kwenye ardhi ya asili, angalau mita 1 chini ya kilele cha tuta. Usawa pima kwa mpira wa maji. Programu za simu ziache.

Mvua kubwa ya kwanza, nenda ukatazame upande wa nje. Unyevu wa maji maangavu si tatizo, ufuatilie tu. Yakitoka ya tope kando ya bomba, waondoe watu walio chini kwanza, kisha mpigie mhandisi.